Bwana Harusi wa Benchi la Nyuma

Mlinisoma humu gazetini Jumapili iliyopita nikiwa nimevuliwa ushemasi mbele ya kanisa zima, kama mtu anayevuliwa viatu vya wizi. Kwa ambaye gazeti lilimpita, habari yenyewe ni fupi na haipendezi. Mke wangu Fidelina aliitwa mbele kutoa ushuhuda. Akamshukuru Mungu kwa kumlinda miaka yote hii akiwa na mwanamume ambaye hajamuoa kwa sheria. Akajifunga shali yake, akarudi kuketi.

Ni kweli, sikumuoa kwa sheria. Enzi za vita ofisi za serikali za mji wetu zilichomwa moto, na mimi sikuwa na subira ya kungoja zijengwe upya. Nilimwambia mchungaji wa wakati ule, marehemu Mzee Abelino, "Tufungishe mbele za Mungu kwanza. Serikali itafuata."

Akatufungisha. Serikali haikufuata, na mimi sikurudi nyuma kuitafuta. Mungu alikuwa ameshaona. Nani mwingine alihitaji kuona?

Mchungaji Otoniel alihitaji. Huyu ndiye mchungaji wetu wa sasa, kijana aliyetoka mji mkuu, ambaye manukato yake huingia kanisani kabla yake na hubaki baada yake. Kanuni ya Kanisa letu la Kijito cha Kerithi haina kona: wanaoishi pamoja bila ndoa ya serikali hawashiki huduma wala hawagusi Meza ya Bwana. Wanakaa benchi la nyuma mpaka wafunge ndoa.

Basi sahani ya mkate, ambayo nimeibeba tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, akapewa shemeji ya Mchungaji, Elmer. Elmer hushika mkate wa Bwana kwa vidole viwili kama mtu anayeokota kitako cha sigara.

Mimi nikaenda nyuma.

Sijui kama mmewahi kukaa benchi lile. Linanuka miguu, pombe ya jana na machungwa ya akina mama wanaonyonyesha. Nilimkuta Tránsito Coyoy, fundi wa mabati, anakata kucha kwa meno na kutema vipande sakafuni. Yeye hutengwa kila baada ya sikukuu.

"Karibu, shemasi," akasema, akasogea. "Wewe ndiye uliyenileta hapa ukinivuta kwa mkono wa koti. Nimekutunzia nafasi."

"Mimi sikuletwa hapa na pombe, Tránsito."

"La, wewe umeletwa na uzinzi. Mimi nalewa sikukuu tu, mzee wangu. Wewe umezini kila siku tangu vita!"

Akacheka, na kicheko chake kikanipiga usoni kikiwa na harufu yake yote. Nilishika pua. Mimi Baudilio Quemé, mwokaji mikate, niliyepata cheti changu cha sekondari kwenye shule ya jioni nikiwa na unga masikioni, nimekaa kwenye mate ya Tránsito.

Baada ya ibada Mchungaji alituita ofisini. Alikuwa anakula tamali, donge la unga wa mahindi na nyama lililopikwa ndani ya majani. Mafuta yalimtiririka mpaka kwenye saa ya mkononi, akayalamba.

"Ndugu Baudilio, Dada Fidelina," akasema, mdomo umejaa, "Mungu ni wa rehema. Jumapili ijayo ni maadhimisho ya kanisa. Wageni watatoka mikoa yote. Mkifunga ndoa kabla ya hapo, Ndugu, utagawa Meza wewe mwenyewe."

Nikavuta pumzi. "Amina."

"Ila mpaka siku hiyo hamtalala nyumba moja."

"Mchungaji, sisi ni wazee! Mimi nalala na soksi jozi mbili na chupa ya maji ya moto!"

"Ushuhuda, Ndugu, ushuhuda. Majirani wanatazama."

Nikamgeukia Fidelina ili apinge. Huyu ni mwanamke anayebishana na wauza vitunguu mpaka wanaomba msamaha. Lakini alikuwa ameshasimama.

"Nitakwenda kwa dada yangu Domitila, kijijini Almolonga," akasema.

"Leo?"

"Mungu kwanza, Baudilio."

Hayo ni maneno yangu mimi. Nimeyasema nyumbani kwangu asubuhi na jioni, yamechorwa hata juu ya mlango wa tanuri. Sikuwahi kuyasikia yakitoka kinywani mwake, na sikupenda yalivyotoka. Mchungaji akatuwekea mikono kichwani kutubariki. Vidole vile vile vya tamali. Nilihisi mafuta yakishuka polepole kuelekea sikioni.

Kesho yake niliamka kabla ya alfajiri, kama ilivyo desturi yangu. Nikapiga magoti, nikamaliza sala, nikasema amina, nikanyoosha mkono wa kulia.

Mkono ukashika hewa.

Ndipo nikakumbuka kwamba kikombe cha atoli, uji wa moto wa mahindi, ambacho siku zote hukuta mkono wangu mara nisemapo amina, hakitoki mbinguni. Nikateremka jikoni. Sikujua mahindi yanawekwa wapi. Nikala mkate mkavu nimesimama, na nikamkasirikia Fidelina kwa kunifanya nile nimesimama.

Katikati ya wiki nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Mwanasheria wa kufungisha ndoa, niliyempata kwa simu tu, alikuwa tayari, mashahidi walikuwa tayari. Nikavaa suti, nikashuka Almolonga kumpa Fidelina taarifa.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za nyumba ya dada yake, nywele zimelowa, mashavu mekundu. Walikuwa wametoka kuoga kwenye maji ya moto ya chemchemi. Alikuwa anakula karoti mbichi kama msichana wa shule, na alikuwa anacheka. Aliponiona akaacha kucheka, na jambo hilo nalo sikulipenda.

"Karibu, shemeji," Domitila akasema. "Suti yote hiyo! Umekuja kuposa?"

"Nimekuja kumwambia mke wangu siku ya ndoa."

"Mke gani? Hapa pana binti mmoja tu ambaye hajaolewa, naye bado anafikiria."

"Domitila, sina muda wa mizaha."

"Hata bwana harusi wa miaka ishirini huleta mkate akija kuposa. Wewe ni mwokaji, umekuja mikono mitupu!"

Nikamgeukia Fidelina. "Ni Jumamosi asubuhi. Mwanasheria amekubali. Vaa kitu cha heshima."

Akatafuna karoti yake mpaka ikaisha. "Baudilio," akasema, "hapa nalala mpaka jua linagonga dirisha. Naamka, hakuna anayeomba kwa sauti juu ya kichwa changu kabla sijanawa uso. Jana ilikuwa Jumanne. Unajua nilifanya nini? Nilikula."

"Mtu kula ni habari?"

"Kwangu ni habari. Jumanne wewe unafunga. Huwezi kusikia harufu ya chakula ukiwa kwenye mfungo, basi jiko haliwashwi. Wewe unafunga kwa ajili ya Bwana, mimi nafunga kwa ajili ya pua yako."

Domitila akapiga paja. Mimi nikasimama wima zaidi.

"Fidelina, wote tumeitwa kumtanguliza Mungu."

"Sawa. Sina ugomvi na Mungu. Mungu wa kwanza. Wa pili ni nani?"

"Kanisa," nikajibu bila kusita.

"Wa tatu?"

Ningeweza kudanganya. Mwanamume mwingine angedanganya. Lakini mimi nilijivunia kuwa mtu wa kweli, nikafikiri, nikasema kweli.

"Tanuri."

Domitila alicheka mpaka akajishikilia ukutani. Fidelina hakucheka.

"Endelea," akasema. "Mimi nangoja zamu yangu. Nimezoea, ni kama foleni ya hospitali."

"Tanuri ndilo lililokulisha!"

"Ndiyo. Na nani aliliwasha?"

Akaanza kuchana nywele zake, akasema bila kunitazama, "Nitaolewa nawe. Lakini siku ya maadhimisho hutagawa Meza. Utakaa na mimi katikati ya watu, mkate utatufikia tukiwa tumekaa, sote wawili, mara moja tu maishani mwetu. Sijawahi kukaa na mume kanisani, Baudilio. Siku zote nauona mgongo wako huko mbele."

"Mbele ya wageni wa mikoa yote? Unataka Elmer abebe sahani ile kwa vidole vyake vile?"

"Nataka mume. Elmer hanihusu."

"Huo ni ubinafsi. Huko ni kumpokonya Mungu utumishi wake."

"Basi nenda kafikirie," akasema. "Na mimi nafikiria."

Niliondoka bila kuaga. Nilipofika nyumbani nilikuta panya ameingia kwenye unga. Nikakaa mezani na suti yangu, nikamwangalia panya naye akaniangalia, na hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Jumamosi ikafika. Mwanasheria nilimwambia kwa simu asije, bibi harusi hajakubali. Nikaenda kwa Mchungaji kumweleza ukweli: Fidelina ananiwekea masharti.

Safari hii alikuwa anakula kuku. Alinisikiliza huku akifyonza mfupa. Alipomaliza aliuweka mfupa juu ya Biblia yake, akafuta mkono kwenye kitambaa cha meza, akatabasamu.

"Ndugu, mbona ni rahisi? Hamjafunga ndoa."

"Hatujafunga."

"Na hamlali nyumba moja."

"Hatulali."

"Basi dhambi imekwisha! Wewe ni mseja."

"Mseja?"

"Mseja safi kabisa, mbele ya sheria na mbele ya kanisa. Kesho simama, useme mbele ya watu kwamba umeiacha dhambi uliyoishi nayo. Neno moja tu. Nakurudishia sahani palepale. Wageni wataona tuna kanisa lenye nidhamu. Ni ushuhuda mkubwa, Ndugu. Mzee kama wewe, anamtanguliza Mungu mbele ya mwanamke!"

"Na Fidelina?"

"Kamati ya akina mama itamshughulikia." Akatafuta mfupa mwingine.

Ndugu msomaji, nilimwona jinsi alivyo: kidevu kinachong'aa, mfupa juu ya Neno, manukato yamechanganyika na kitunguu. Anamzungumzia mwanamke aliyefagia kanisa hilo kabla yeye hajazaliwa kama mtu anayezungumzia uchafu wa kuzoa. Nilipaswa kusimama na kutoka, na kama ningeweza ningemmwagia mchuzi wa kuku wake kichwani.

Nikamuuliza, "Nivae suti ipi?"

Hayo ndiyo niliyosema. Nimeapa kuandika kila kitu humu gazetini, hata yale yanayonifanya nisitazame kioo. Mtakaotema mate, temeni.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Sakafu ilikuwa imetandikwa majani mabichi ya msonobari, yananukia msitu mzima. Wageni walikuwa wamevaa mavazi yao mazuri. Elmer alikuwa na tai mpya. Nilipopita kwenda mbele, Tránsito alinidaka koti.

"Shemasi! Umeoa lini?"

"Niache."

"Hujaoa. Basi umewauzia nini hawa mpaka wanakurudisha mbele?"

Nikamkung'uta.

Waliimba, wakaomba, wakaimba tena. Kisha Mchungaji akanyanyua mkono. "Ndugu Baudilio Quemé ana neno."

Nikasimama. Maikrofoni ilikuwa na unyevu wa midomo ya walionitangulia. Nikaitazama sahani pale mezani, mkate mweupe umekatwa vipande vidogo, nikasema kwa sauti ile ile ninayosomea Maandiko:

"Ndugu zangu, miaka mingi nimeishi na dhambi nyumbani kwangu. Leo nasimama kuwaambia nimeiacha. Imetoka nyumbani mwangu na haitarudi. Nimemtanguliza Mungu."

"Amina!" Kanisa likalipuka. Matari yakapigwa. Bibi mmoja mgeni akalia kwa sauti, wala hanijui. Mchungaji akanikumbatia, kidevu chake kikaniachia unyevu shingoni. Elmer akanikabidhi sahani, amenuna.

Nilikuwa nayo mikononi. Nilidhani nitafurahi. Nilijisikia kama mtu aliyemeza nzi na wote wanampongeza kwa kumaliza chakula.

Ndipo matari yakaanza kunyamaza. Yalinyamaza kuanzia nyuma, moja baada ya jingine, mpaka likabaki moja la binti aliyefumba macho. Mwenzake akamkanyaga, nalo likanyamaza.

Fidelina alikuwa amesimama mlangoni.

Alikuwa amevaa huipili, blauzi nyeupe ya kufumwa ya sherehe, ile ya kurithi kwa mama yake, ambayo wanawake wetu huvaa siku ya harusi na siku ya kuzikwa. Nyuma yake Domitila amebeba maua meupe. Nyuma ya Domitila, akihema, yule mwanasheria na mkoba wake.

"Samahanini sana," mwanasheria akasema, akijifuta jasho. Alikuwa mtu wa mji mwingine, hakujua lolote. "Bibi alinifuata nyumbani asubuhi hii. Tumechelewa kidogo. Bwana harusi ni yupi?"

Mtu mmoja alikohoa.

Fidelina akaanza kutembea. Majani ya msonobari yalisikika chini ya viatu vyake. Mchungaji akanishika kiwiko, akaninong'oneza, "Usiseme kitu. Atapita tu."

Hakupita. Alikuja mpaka mbele ya Meza, akasimama upande wa pili, sahani ikiwa katikati yetu. Macho yake hayakuwa na hasira. Ingekuwa heri yangekuwa nayo.

"Nilimaliza kufikiria, Baudilio," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya jikoni. "Jana usiku nilimwambia Domitila, huyu mzee anaipenda sahani yake, mwache aibebe. Nikasema nitakuja, tutafunga ndoa, yeye agawe Meza, mimi nitakaa popote watakaponiweka."

"Fidelina..."

"Ngoja, sijamaliza. Tuliposhuka kwenye basi sokoni tukakuta watu wamesimama wanasikiliza. Mchungaji amefunga vipaza sauti viwili juu ya paa kwa ajili ya maadhimisho, vinatazama barabarani. Vinasikika vizuri sana. Muuza nyama alikuwa ameacha kukata."

Nikamtazama Mchungaji. Yeye akatazama dari.

"Nikasikia kuna kitu umekiacha," Fidelina akaendelea. "Kimetoka nyumbani mwako na hakitarudi. Watu sokoni wakaniuliza ni kitu gani. Nikashindwa kuwajibu. Sikusikia jina."

"Dada Fidelina," Mchungaji akasema, akitabasamu kwa wageni, "tuko katikati ya ibada."

"Najua, Mchungaji. Ndiyo maana nauliza hapa. Mezani pa Bwana hapadanganywi, si ndivyo mnavyotufundisha?" Kisha akanigeukia. "Hiyo dhambi, Baudilio. Nitajie jina lake. Soko zima linasubiri."

Mwanasheria, maskini, alidhani sherehe imeanza. Alikuwa ameshafungua mkoba na kutoa kalamu.

Mchungaji akaisukuma maikrofoni mpaka ikagusa mdomo wangu, na mkono wake mwingine ukanibana kiwiko kwa nguvu mpaka nikasikia kucha zake. Sahani ikainama mikononi mwangu. Vipande vya mkate vikateleza vyote upande mmoja, upande wa Fidelina.

Nikafungua mdomo. Niliyoyasema mtayasoma Jumapili ijayo.